Wasee wa Kitui na Makueni: Kabla Uingie Fort Jesus, Jua Hii Bandari ya Mombasa Iko na Jasho la Kwenu

Kila Disemba rada ni ile ile. Mbogi inachanga ganji, wa Makueni wanadandia SGR pale Emali ama Kibwezi, wa Kitui wanashuka na basi ya usiku. Siku ya kwanza ni Pirates. Siku ya pili ni mabuyu, viazi karai na kutembea tu. Siku ya tatu lazima kila mtu apigwe picha chini ya zile pembe kubwa za Moi Avenue. Siku ya nne doh imekatika, mnarudi ocha mkiwa mmeiva na jua.

Fort Jesus? "Aah, hiyo ni ya watalii na watoi wa shule."

Sasa skia. Zile pembe za Moi Avenue ni za alumini. Ziliwekwa miaka ya 50 kupamba barabara wakati familia ya kifalme ya Uingereza ilikuwa inakuja kutembea. Lakini kuna pembe halisi, za ndovu, zilizofanya Mombasa ijulikane hadi India na Marekani karne ya 19. Hizo zilishuka pwani zikiwa kwa mabega ya watu, na wengi wa hao watu walitoka Kitui. Yaani ile picha umepost ni ya kazi ya babu ya babu yako, na hata hujui.

Ndio maana ukienda Fort Jesus bila kujua hii stori, utaona kuta, mizinga na jua kali tu. Ukiijua, utaona kwenu. Wacha tuichambue polepole.

Kwanza: Mombasa iko na bandari mbili

Wengi wakiskia "bandari" wanafikiria kreni na makontena ya Kilindini. Hiyo ni ya juzi. Mombasa mjini ni kisiwa, na iko na mlango wa maji kila upande. Upande wa mashariki, chini ya Fort Jesus na Mji wa Kale, ndio kuna Bandari ya Kale. Huko ndiko majahazi yalitia nanga miaka na mikaka, kabla hata Nairobi iwe na jina.

Majahazi hayakuwa na injini, yalitegemea upepo. Kaskazi ilikuwa inavuma kutoka kama Desemba hadi Machi, ikileta wafanyabiashara kutoka Arabuni, Uajemi na India. Halafu upepo ukigeuka, kusi inashika kutoka Aprili, inawarudisha kwao. Ukikosa upepo wako umelala Mombasa miezi. Hapo katikati watu walioa, wakajenga, wakazaa, na ndio moja ya sababu Mji wa Kale uko vile uko leo.

Wareno walitaka kushika hiyo njia ya biashara. Kati ya 1593 na 1596 wakajenga Fort Jesus, kazi ya kuichora akapewa Mwitaliano mmoja, Giovanni Battista Cairati. Cheki vile imekaa: iko juu ya mwamba wa matumbawe, inaangalia mlango wa Bandari ya Kale moja kwa moja. Jahazi haliingii bila mizinga kuliona. Kwa hivyo hiyo ngome ni kama geti ya bandari. Mwenye kushika geti ndiye anakula ushuru.

Ndio maana watu walipigania hiyo nyumba vibaya. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698, karibu miaka tatu. Ndani watu walikufa kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Ilipoanguka, enzi ya Wareno hapa kwetu ikaingia baridi. Baadaye Waingereza wakaifanya jela, kutoka 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho ya taifa, na mwaka 2011 UNESCO ikaiweka kwa orodha ya urithi wa dunia.

Sasa Kitui inaingia wapi hapa?

Bandari bila mizigo ni maji tu. Majahazi yalikuwa yanakuja kuchukua kitu, na moja ya vitu vilivyokuwa na bei kali zaidi ni pembe za ndovu. India walizitaka za bangili. Ulaya na Marekani walizitaka za vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Ndovu nao hawakuwa Mombasa, walikuwa bara.

Wakamba ndio walikuwa wajanja wa hiyo njia. Walikuwa wawindaji wakali wa mishale ya sumu, na walikuwa wanajua wapi maji yanapatikana kwa ile nyika kavu ya Tsavo. Katikati ya karne ya 19 misafara ya mamia ya watu ilikuwa inatoka Kitui, inakata nyika, inafika kwa Mijikenda karibu na Rabai, halafu Mombasa. Hata ukipima kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 350. Kwa miguu. Na pembe moja kubwa inaweza kupita kilo 40. Wewe hubebi hata mtungi wa maji kutoka kwa duka bila kuita boda.

Walirudi na nini? Shanga, waya za shaba, chumvi na nguo. Ile nguo nyeupe ngumu yenye wazee wetu waliita "merikani" iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa inatoka viwanda vya Marekani. Yaani karibu miaka 200 iliyopita, mtu wa Kitui alikuwa anavaa kitambaa cha Massachusetts, na mtu wa Massachusetts alikuwa anapiga piano ya pembe ya kutoka bara yetu. Na kati yao kulikuwa na hiyo bandari.

Jina la kushika ni moja: Kivoi Mwendwa. Huyu alikuwa sonko wa Kitui wa enzi hizo, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, mwenye misafara yake na marafiki wake huko pwani. Mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844 na kuweka makao Rabai, alisikia habari zake na akamfuata hadi Kitui. Ni akiwa huko, tarehe 3 Disemba 1849, Krapf aliuona Mlima Kenya, wa kwanza kati ya Wazungu kuandika amewuona. Lakini Kivoi na watu wake walikuwa wanaujua kitambo, na jina Krapf aliloandika ni vile alilisikia likitamkwa na Wakamba. Hapo ndio njia ya hili jina la nchi yetu inapita. Kitui, wasee. Kitui.

Mwisho wa Kivoi ni wa huzuni. Mwaka 1851 alisafiri na Krapf kuelekea Mto Tana, msafara ukavamiwa, Kivoi akauawa. Krapf akatoroka peke yake, akirudi kwa kujificha, maji ya kunywa akiyabeba ndani ya mtutu wa bunduki.

Tusidanganyane pia. Hiyo biashara haikuwa safi. Ndovu walimalizwa. Na kwa njia hizo hizo za misafara na majahazi hayo hayo, watu walikuwa wanauzwa. Ukiskia mtu akikusimulia utajiri wa Mombasa ya zamani bila kutaja watumwa, jua amekupea nusu ya stori.

Ndani ya ngome: usipite tu ukipiga selfie

Ukishalipa na kuingia, hizi ndio vitu za kusimamia.

Kwanza ni vitu vya meli ya Santo António de Tanna. Hii ilikuwa meli ya vita ya Wareno, imeundwa India, ikaletwa kuokoa watu waliozingirwa ndani ya ngome. Ikazama hapo hapo mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Ikalala chini ya maji karibu miaka 280, hadi wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale wakaichimba kati ya 1977 na 1980. Mbao zake bado ziko chini ya bahari, lakini vitu vingi vilivyotolewa viko kwa makumbusho. Utaona sahani, mitungi, vitu vya kawaida vya mabaharia. Hapo ndio inakugonga kwamba hii si hadithi ya kitabu. Kuna msee alikuwa anakula na hiyo sahani siku meli inazama.

Pili ni michoro ya ukutani. Askari wa Kireno waliokuwa wameboeka zamu walichora meli na watu kwa ukuta. Ni kama vile sisi tunachora kwa dawati la shule. Imehifadhiwa hadi leo.

Tatu ni vyungu na sahani za Kichina na za Kiajemi. Usipite haraka. Kila kipande kilishuka kwa jahazi, na kililipwa na kitu kilichopanda jahazi. Uliza ni kitu gani.

Nne ni Nyumba ya Waomani, na ule ukuta wa juu wa kuangalia bahari. Simama hapo kitambo. Upande mmoja ni bahari wazi, chini yako ni mlango wa maji kuelekea Bandari ya Kale. Hapo utaelewa kwa nini watu walikaa miaka tatu wakikufa kwa ajili ya jengo moja.

Stori za ngome kawaida zinasimuliwa kwa mpangilio huu: Wareno, Waomani, Waingereza, kwisha. Yaani wenye mizinga tu. Wenye kubeba mizigo hawana mnara. Hiyo pengo ni wewe utaijaza, na njia ya kuijaza ni kuuliza. Muulize anayewatembeza: Pembe zilikuwa zinatoka wapi? Nani alizibeba? Alilipwa nini? Maswali matatu tu, na ziara yote inabadilika.

Makueni nayo? Fuata reli

Meli za mvuke zilipokuja, Bandari ya Kale ikawa ndogo. Kazi ikahamia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini. Jina lenyewe linakuambia kila kitu: kilindi ni maji ya kina kirefu. Mwaka 1896 vyuma vya reli ya Uganda vikashushwa huko, na ujenzi ukaanza kuelekea bara.

Wakamba husimulia kwamba nabii Syokimau alikuwa ameshaona hayo mapema: nyoka mrefu, anatema moto na moshi, anatoka maji haya hadi maji mengine. Reli ilianza bahari ya Hindi na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria. Fanya hesabu mwenyewe.

Huyo nyoka alipita katikati ya Makueni. Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, Kima: hii ni orodha ya miji ya reli. Sultan Hamud ilipewa jina la Sultani wa Zanzibar wa wakati huo. Makindu iko na hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, kumbukumbu ya mafundi na wafanyakazi waliotoka India. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka huko kujenga hiyo reli, na karibu 2,500 wakafa. Na hadi leo, msafiri yeyote akiingia hapo Makindu anapewa chakula bure bila kuulizwa dini wala kabila.

Kima nayo iko na stori ya kukunyima usingizi. Juni 1900 afisa mmoja wa polisi wa reli, Charles Ryall, alilala ndani ya behewa hapo stesheni akimvizia simba aliyekuwa anasumbua watu. Simba ndiye alimvizia yeye, akaingia ndani ya behewa na kumtoa kwa dirisha. Hilo behewa lipo, unaweza kuliona Makumbusho ya Reli pale Nairobi.

Makuli waliokataa kunyamaza

Reli ilipoanza kazi, bandari ikahitaji mikono. Miaka ya 1920 magati ya meli kubwa yakaanza kujengwa Kilindini, na vijana kutoka bara, Ukambani ikiwemo, wakashuka kutafuta kazi ya kupakia na kupakua. Hii ilikuwa kibarua cha siku kwa siku. Meli ikikosa, hulipwi. Nyumba ilikuwa shida, chakula ghali. Skia vile inafanana na mjengo wa leo.

Januari 1947 Mombasa ikasimama. Karibu wafanyakazi 15,000, wa bandari, reli na hata wa majumbani, waligoma kwa kama wiki mbili. Kukazaliwa African Workers' Federation, na kiongozi wake Chege Kibachia akashikwa mwaka huo huo na kupelekwa mbali. Mwaka 1955 makuli wakagoma tena. Safari hii kijana wa miaka 24, Tom Mboya, akaingia kati kupatanisha, na wafanyakazi wakapata nyongeza ya asilimia 33. Hiyo kazi ndiyo ilimfanya nchi nzima imjue. Kwa hivyo ukiskia vyama vya wafanyakazi na haki za vibarua, jua kipande kikubwa cha hiyo vita kilipiganwa kwa gati, na watu waliobeba magunia.

Kwa nini hii inakuhusu 2020 na kitu

Usidhani ni mambo ya kale. SGR ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, Makueni ikapata stesheni tatu: Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Poa. Usafiri umekuwa rahisi.

Lakini 2019 gava ikaamua makontena yapandishwe treni hadi Embakasi badala ya lori. Mombasa watu wakaingia barabarani kuandamana. Na huku kwetu? Fikiria tu. Dereva wa lori akisimama Mtito anakula, analala, anabadilisha tairi, ananunua nyanya na maembe ya kupeleka nyumbani. Treni ya mizigo haisimami kununua chapati. Mama wa hoteli, fundi wa tairi, msee wa lojing'i, wote walikuwa wanaishi kwa hizo lori. Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa.

Umeona? Mtu anasaini karatasi bandarini, na sufuria inabadilika Emali. Ilikuwa hivyo enzi za Kivoi, bei ya pembe ikishuka pwani Kitui inajua. Bado ni hivyo. Ndio maana bandari si "mambo ya wasee wa coast". Ukiiona kama ya wengine, utanyamaza ikiamuliwa bila wewe.

Rada ya safari

Kutoka Kitui huna haja ya kuzunguka Nairobi. Barabara ya Kitui kupitia Mutomo hadi Kibwezi iko na lami, ukifika Kibwezi unachagua basi ama SGR. Chukua treni inayosimama stesheni za kaunti, kwa sababu ile ya haraka inawapita mkiangalia. Treni inakushusha Miritini, hapo unadandia mat hadi tao.

Beba ID. Mkenya analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni. Hakikisha simu iko na chaji na M-Pesa iko na kitu. Ngome inafunguliwa kila siku. Ingia asubuhi kabla jua lishike, weka kama masaa mawili, beba maji na kofia.

Ukitoka, usirudi tao moja kwa moja. Fuata Ndia Kuu kwa miguu hadi Bandari ya Kale. Mji wa Kale watu wanaishi, si seti ya video. Vaa kwa heshima, amkia wazee, na uliza kabla ya kupiga mtu picha. Bandarini penyewe uliza kwanza kama picha zinaruhusiwa.

Kilindini hauingii ovyo, ni eneo la ulinzi. Lakini panda feri ya Likoni kwa miguu, ni bure, na ukibahatika meli ya makontena itapita mbele yako ikiingia gatini. Hakuna makumbusho inakuonyesha hivyo.

Ukipata siku ya pili, enda Rabai kwa Makumbusho ya Krapf, uone mahali misafara ya Ukambani ilikuwa inafikia. Ukirudi pitia Changamwe kwa wachongaji wa Akamba Handicraft. Hawa wameshikilia ufundi uliosambaa Ukambani kupitia Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza uchongaji kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Chama chao kilianza 1963, karibu na bandari, kwa sababu hapo ndipo wateja walikuwa wanashuka. Babu alileta pembe, mjukuu analeta mbao. Biashara ni ile ile.

Na zile pembe za Moi Avenue, piga picha tu, hakuna ubaya. Lakini safari hii andika chini ya picha jina la Kivoi. Wakikuuliza ni nani, sasa unajua pa kuanzia.